Ndugu au Sheria: Sayansi Yasemaje?

Mwanadamu huishi akitegemea nguzo mbili kubwa: jamaa zake na sheria za jamii yake. Kwa kawaida nguzo hizi hazigombani. Sheria humlinda jamaa, na jamaa humfundisha mtoto kuitii sheria. Lakini ziko nyakati ambapo mambo haya mawili hukabiliana, na mtu hulazimika kuchagua moja katika muda wa dakika chache.

Nyahanga ni kata ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita. Mbali na migodi mikubwa kama Bulyanhulu, wako katika ukanda huo wachimbaji wadogo wengi wanaoshuka katika mashimo membamba yaitwayo maduara. Chukua mfano wa kijana wa Nyahanga anayeletewa habari kwamba kaka yake amezimia ndani ya duara. Mkaguzi wa migodi alikwisha kulifunga duara hilo na kukataza watu wasiingie. Kamba ipo, waokoaji hawajafika. Je, ashuke?

Kisa cha Heinz

Swali la namna hii limechunguzwa na wataalamu wa saikolojia kwa miaka mingi. Mwaka 1958, Lawrence Kohlberg alimaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Aliwasimulia wavulana visa vya kubuni, kisha akawauliza wangefanya nini. Kisa kilichopata sifa zaidi ni cha mtu aitwaye Heinz. Mkewe yu karibu kufa kwa saratani. Mwuza dawa mmoja anayo dawa iliyomgharimu dola 200 kuitengeneza, naye anaiuza kwa dola 2,000. Heinz amekopa kila mahali, akapata dola 1,000 tu. Mwuza dawa anakataa kumpunguzia bei wala kumkopesha. Usiku Heinz anavunja duka na kuiba dawa. Je, alifanya vema?

Kohlberg hakujali sana kama mtoto alijibu "ndiyo" au "siyo". Alichokipima ni sababu. Mmoja husema Heinz asiibe kwa kuwa atafungwa. Mwingine, aibe kwa kuwa mume mwema humtunza mkewe. Wa tatu, asiibe kwa kuwa kila mtu akivunja sheria jamii itasambaratika. Wa nne, aibe kwa kuwa uhai una thamani kuliko mali. Kohlberg alizipanga sababu hizo katika hatua sita, tangu hofu ya adhabu hadi kanuni za haki zinazowahusu watu wote.

Je, vipimo hivyo vinafaa kila mahali? Katika miaka ya 1970, Carolyn Edwards alivitumia nchini Kenya kwa wazee walioheshimiwa katika jamii zao na kwa wanafunzi. Sababu za wazee zilielekea zaidi kwenye kutunza uhusiano mwema baina ya watu. Wanafunzi walitaja zaidi sheria na utaratibu wa taifa. Edwards alionya kwamba hiyo si dalili ya upungufu wa wazee: kila namna ya kufikiri huifaa jamii iliyoizaa. Mwaka 1982, Carol Gilligan naye alidai kwamba kipimo cha Kohlberg kilitukuza haki na kusahau wajibu wa kuwatunza wengine. Kwa hiyo anayemtanguliza ndugu yake si mtu asiyejua maadili.

Sheria yalinda nini?

Hata hivyo, nia njema peke yake haitoshi. Visa vya Kohlberg vina kasoro moja kubwa: ndani yake matokeo yanajulikana. Heinz akiiba dawa, mkewe huenda akapona. Katika maisha, mtu huamua bila kujua kitakachofuata, na hapo ndipo elimu ya sayansi inapokuwa sehemu ya maadili.

Mrudie kijana wa Nyahanga. Kwa nini kaka yake amezimia? Yawezekana pampu ya maji inayotumia petroli ilikuwa ikifanya kazi karibu na mdomo wa duara au ndani yake. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni. Atakayeshuka bila vifaa atavuta hewa ile ile iliyomwangusha wa kwanza. Mwaka 1986, taasisi ya Marekani inayohusika na usalama na afya kazini ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu zilizofungika walikuwa wale walioingia ili kuokoa wenzao.

Basi, katazo la mkaguzi halimlindi mwenye mgodi. Lamlinda kijana mwenyewe. Akilivunja, huenda mama yao akazika wawili badala ya mmoja. Upendo wa kweli hapo ni kuzima pampu, kupitisha hewa safi shimoni na kuwahimiza waokoaji. Wala kutii si kukata tamaa. Katika mgodi wa Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa tarehe 5 Oktoba 2015, na watano wakatolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41.

Hali nyingine ni tofauti. Mtu amechomwa kisu, damu inamtoka. Kwa desturi, majeruhi wa shambulio hutakiwa kufika hospitali na Fomu ya Polisi Na. 3, ijulikanayo kama PF3. Fomu hiyo ina kazi ya maana: daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, na maandishi hayo huweza kuwa ushahidi mahakamani. Lakini mtu mzima ana damu ya kiasi cha lita tano tu, na akipoteza lita mbili kwa haraka yu karibu na kifo. Fomu yaweza kungoja, damu haingoji. Kumtibu kwanza hakupotezi ushahidi, kwani daktari aliyelishona jeraha ni shahidi mzuri. Viongozi wa serikali wenyewe wametamka zaidi ya mara moja kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza. Hapa kushikilia utaratibu ni kusahau lengo lake.

Maswali matatu

Visa hivi viwili vyaonyesha kwamba hakuna jibu moja la kutumika kila mara. Walimu waweza kuwapa wanafunzi maswali matatu ya kujadili. Kwanza, sheria hii inamlinda nani, na kutokana na nini? Pili, kuna ushahidi gani kwamba kuivunja kutamwokoa mpendwa? Tatu, gharama italipwa na nani? Anayeiba dawa ya zahanati ili kumponya mwanawe huenda ameichukua kinywani mwa mtoto wa jirani, ambaye naye ana mama anayempenda.

Darasa likikwisha kuyajibu, lirudi kwa Heinz na kumhukumu upya. Wanafunzi hawatakubaliana wote, wala si lazima. Lililo lazima ni kwamba kila mmoja atoe sababu yake, aitazame kwa macho ya mgonjwa, ya mwuza dawa na ya jirani, kisha aone kama bado inasimama.