Joto Huenda Wapi? Jiko la Mkaa na Mtungi wa Maji

Katika ua wa nyumba ya Old Korogwe, si ajabu kukuta jiko la mkaa na mtungi wa maji vikikaa karibu. Kimoja huunguza, kingine hupoza. Walakini vyote viwili hutii kanuni moja: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo na kuhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine.

Sufuria ya makande yatosha kuwa mfano. Kilo moja ya maji yenye nyuzi 25 za Sentigredi huhitaji yapata kilojuli 315 ili ifikie nyuzi 100. Lakini ili maji hayo yote yageuke mvuke, huhitajiwa kilojuli 2,260 zaidi, na halijoto haipandi hata kidogo. Joto hilo hutumika kuzitenga molekuli za maji, ambazo huvutana. Hili ni badiliko la kifizikia lifyonzalo joto, kwani mvuke ungali maji. Mtungi nao hupoza kwa njia hiyo hiyo: maji machache hupenya vinyweleo vya udongo na kukauka kwa nje, na joto la kuyageuza mvuke hutoka katika maji yaliyobaki ndani.

Hapa pana funzo kwa mpishi. Makande yanayotokota kwa nguvu hayana halijoto kubwa kuliko yanayochemka polepole. Mkaa unaoongezwa wakati huo huishia katika mvuke.

Mkaa uwakapo, badiliko ni la kikemia. Kaboni huungana na oksijeni ya hewa, na kitu kipya hutokea, yaani kaboni dayoksaidi. Kuvunja vifungo vya atomi hugharimu nishati; kuunda vifungo vipya huitoa. Kwa kuwa inayotolewa huizidi iliyotumika, ziada huonekana kama joto na mwanga. Gramu 12 za kaboni zikiungua kikamilifu hutoa kilojuli 394. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni huwa kaboni monoksaidi, na kiasi kile kile hutoa kilojuli 111 tu. Kubwa kuliko hasara hiyo ni hatari yake: gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua. Ndiyo sababu jiko la mkaa haliwekwi katika chumba kilichofungwa.

Hesabu ya joto huanza mbali na jiko, katika mapori ya miombo kama yale ya Handeni, magogo yanapochomwa katika tanuri la udongo. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na sharti maji hayo yafukuzwe kabla kuni hazijawa mkaa. Kila kilo ya maji hudai yapata kilojuli 2,575, na mlipaji ni kuni zenyewe: sehemu yake huteketea ili nyingine zikauke. Magogo yaliyoachwa yakauke kwanza hupunguza deni hilo, na gunia lile lile hupatikana kwa miti michache zaidi.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili. Kipande cha kuni mbichi kipimwe kwa mizani, kianikwe, kisha kipimwe kila juma mpaka uzito usipungue tena. Gramu zilizopungua, zikizidishwa kwa kilojuli 2.6, zitaonyesha takriban joto ambalo jua na upepo vimelipa bure, na ambalo vinginevyo lingelipwa na msitu.