Jinsi ya kupanga mchana wa utulivu katika nyumba za wazee



Kila tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo watu huchanga sukari na sabuni, hukodi kipaza sauti, huenda kwenye nyumba ya wazee, hutoa hotuba tatu na kurudi makwao. Hatuikatai sukari. Lakini kinachowachosha wazee katika nyumba hizo ni mchana mrefu usio na jambo la kufanya, na hapo ndipo tawi la chama linaweza kusaidia bila fedha nyingi.

Hapa Uganda nyumba za namna hiyo si nyingi. Inayojulikana zaidi ni ya Nalukolongo, Kampala, aliyoianzisha Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na ambayo hutunzwa na masista. Papa Francis aliitembelea tarehe 28 Novemba 2015. Watu husema mzee wa Kiafrika hutunzwa na watoto wake, na kwa wengi ni kweli. Lakini sisi wa mashambani tunajua mengine. Tangu miaka ya 1920 wanaume walitoka Rwanda-Urundi na West Nile, wengi kwa miguu, kuja kulima pamba na kukata miwa. Wako waliotuma fedha kwao mpaka barua zikakoma. Mtu wa namna hiyo hukaa katika nyumba ya kampuni maadamu anaweza kushika panga. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Kwa hiyo habari za nyumba za wazee ni habari zetu.

Kwanza kabisa, kabla ya kupanga lolote, tunanunua daftari moja na kuuliza. Tunamwuliza mzee mwenyewe, halafu walezi wake: alifanya kazi gani, alizaliwa wapi, dini yake ni ipi, sikio lipi linasikia, nini humfanya alie. Wengine hudhani kumwuliza mzee mambo ya zamani ni kumtonesha kidonda. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anapoyarudia maisha yake si dalili ya kuharibika kwa akili. Ni jambo la kawaida la uzee na laweza kumpa amani. Basi tumwache asimulie, hata kama ni mara ya tano. Akinyamaza au akigeuza uso, tusimchimbe.

Lugha ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani, akabaki na ile ya mama yake. Mzee aliyesema Kiswahili na Luganda shambani kwa miaka 40 anaweza kurudi kwenye Kinyarwanda au Kilugbara tupu, na walezi wakadhani anapayuka. Matawi yetu yana watu wa kila kabila. Tumpeleke anayejua lugha hiyo. Salamu peke yake, ikisemwa vizuri kwa lugha ya kwao, yaweza kumtuliza kuliko dawa ya usingizi.

Halafu saa. Asubuhi baada ya chai ndipo wazee wana nguvu, kwa hiyo mweso na mazungumzo ya watu wengi tuyaweke hapo. Kuanzia saa kumi jioni hivi, baadhi ya wenye ugonjwa wa kusahau huanza kuhangaika. Mmoja atataka kwenda nyumbani, mwingine atatafuta panga lake akisema nyapara anaita majina. Tusibishane naye na kumwambia kwamba shamba lile lilikwisha zamani. Tumwulize, "Mzee, nyapara wenu alikuwa mtu wa namna gani?" Taa iwashwe kabla giza halijaingia, redio ipunguzwe, na watu wasizidi wanne au watano mahali pamoja. Hapo zinafaa nyimbo za polepole wanazozijua wenyewe, au kupakwa mafuta mikononi kwa anayependa.

Mikono iliyofanya kazi miaka 50 haipendi kulala bure. Kuchambua maharage, kukunja nguo, kusuka mkeka, kupukuchua mahindi: haya hutuliza kwa sababu mikono inayajua hata kichwa kinaposahau. Lakini maharage yawe ya kupikwa kweli jikoni. Kuyachanganya makusudi ili mzee apate cha kuchambua ni kumfanya mtoto, na wengi hutambua. Na hapa tuseme kama watu wa chama: mzee aache anapotaka kuacha. Siku atakapowekewa debe na kuambiwa limalizike kabla ya chakula, huo umekuwa unyonyaji, na tusinyamaze.

Anayekaa pembeni na kutazama tu, yumo. Asivutwe mkono.

Kuhusu chakula, tuwe waangalifu. Karanga hazimfai asiye na meno, na aliyepigwa na kiharusi anaweza kupaliwa hata na chai, basi tumwulize mwuguzi kwanza. Kikombe kijazwe nusu. Picha zisipigwe bila ruhusa. Mzee si bango la chama.

Tusisahau pia kwamba walezi ni wafanyakazi kama sisi, tena wengi wao huangalia wazee wengi mno kwa mshahara mdogo. Mpango unaomwongezea mlezi kazi hautadumu. Kwa hiyo katibu wa tawi aende kwanza kwa sista au msimamizi, waafikiane, halafu tawi litoe watu wawili kila wiki ya pili, wale wale, siku ile ile. Kama ni Jumapili saa nane, iwe hivyo, na wasipoweza kwenda wapeleke habari tangu Ijumaa, kwa maana wako wazee watakaokuwa wamekwisha kuoga na kuketi mlangoni tangu saa tano.