Herufi moja ya Kichina inayobeba mzigo wa 'kupiga'

MTU anayejifunza Kiswahili ukubwani hushangaa kuambiwa kuwa simu hupigwa, pasi hupigwa na hata kura hupigwa, ilhali hakuna aliyeumizwa.

Mshangao uo huo humpata anayejifunza Kikantoni, lugha ya mamilioni ya watu wa mkoa wa Guangdong kusini mwa Uchina, Hong Kong na Macau, akutanapo na herufi 打, inayotamkwa 'daa' kwa sauti ya kupanda.

Upande wa kushoto wa herufi hiyo ni alama ya mkono. Wa kulia ni sehemu ambayo hapo kale ilichorwa kwa mfano wa msumari. Maana yake ya msingi, basi, ni kupiga au kugonga, na 'daa gaau' ni kupigana.

Lakini maana haikukomea hapo. 'Daa din waa' ni kupiga simu, na 'daa zi' ni kupiga chapa. La ajabu zaidi, 'daa hat ci' ni kupiga chafya, na 'daa haam lou' ni kupiga miayo!

Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote. Hata hivyo, zimepita njia moja: kitenzi cha mkono kimepungukiwa na uzito wake, na nomino inayokifuata ndiyo inayobeba maana.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kila 'piga' ni 'daa'. Kwa Kikantoni picha haipigwi, bali husemwa 'jing soeng'. Makofi ni 'paak sau', nayo kura hurushwa: 'tau piu'. Mpira wa kikapu huchezwa kwa 'daa', lakini kandanda hudai kitenzi 'tek', yaani kupiga teke.

Kadhalika, 'daa' huenda pasipofikiwa na 'piga'. 'Daa gung' ni kufanya kazi ya kuajiriwa. 'Daa fung' ni kuvuma kwa tufani. 'Daa zim' ni kuruka foleni. 'Daa baau' ni kufungiwa chakula mkahawani ili uondoke nacho, na 'daa bin lou' ni kuketi pamoja kuzunguka chungu cha mchuzi unaochemka, kila mtu akitumbukiza nyama na mboga zake.

Maana ya asili nayo ingali hai. Chini ya daraja moja la barabara mtaani Causeway Bay, Hong Kong, akina mama wazee hulipwa ili wapige kwa kiatu kikaragosi cha karatasi kinachowakilisha adui wa mteja. Desturi hiyo, 'daa siu jan', huvuta watu wengi zaidi mapema mwezi wa Machi.

Sauti pia ni muhimu. 'Daa' ikitamkwa juu bila kupanda, herufi iyo hiyo huwa dazeni, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza kama letu.

Tangu 2005, Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi imekuwa ikifundisha Kichina sanifu, ambamo herufi hii husomwa 'da' na huwa na matumizi mengi vilevile. Mwanafunzi anayekariri kwamba maana yake ni 'kupiga' tu atapotea mapema.

Afadhali ajifunze kila fungu la maneno kwa ukamilifu wake, kama mgeni anavyolazimika kufanya na 'piga' yetu.