Neno la Leo: "Brunt"

Neno letu la leo ni "brunt", yaani ule uzito mkubwa wa pigo. Katika Kiingereza cha karne ya 14 lilikuwa dharuba tu. Siku hizi ni shida kulikuta bila mwenziwe "bear", kubeba. Machi 2019 tufani ya Idai ilipoipiga Msumbiji, mtu angeandika: "Beira bore the brunt of the storm." Si kwamba Beira ilipigwa peke yake, la! Malawi na Zimbabwe nazo zilipata msiba. Lakini ukali wenyewe uliiangukia Beira. Tafadhali, msiandike "blunt". Hilo ni la kisu butu, na katika barua ya kuomba msaada, msomaji hatajua ni nani aliyeumia zaidi.