FILIMBI HAIULIZI MIAKA: HATA BABA NA MAMA WANAWEZA KUANZA

Mwezi huu tuzungumze juu ya filimbi. Si ile ya refa wa mpira, hapana. Ni ile ndefu yenye matundu, ambayo wachungaji wanapuliza wakiwa nyuma ya ng'ombe. Warundi wanaiita umwironge, Waganda wanaiita endere, na Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana yao inayoitwa chivoti. Kwa hiyo si kitu cha wazungu peke yao, wala si kitu cha watoto wa shule tu. Tena ni kitu cha zamani sana. Mwaka 2008 huko Ujerumani, katika pango la Hohle Fels, walichimbua filimbi ya mfupa wa bawa la tumbusi, yenye matundu matano. Ina zaidi ya miaka 35,000!

Mtoto akipewa filimbi haogopi. Anapuliza, inalia vibaya, anacheka, anaendelea. Shida iko kwa watu wazima. Ukimwambia baba ajifunze, atakujibu: "Mimi nishazeeka, vidole vimekauka." Mama naye atasema: "Watanicheka, mutu mukubwa anachezea filimbi kama mutoto!" Maneno hayo tuyaangalie vizuri.

Mtu mzima ana kitu ambacho mtoto hana

Ni kweli vidole vya mtoto ni vyepesi. Lakini wewe mzazi una nyimbo kichwani. Mtoto aliyezaliwa kambini lazima afundishwe wimbo kwanza, ndipo afundishwe filimbi. Wewe nyimbo za kuchunga, za kulima, za harusi na za kubembeleza mtoto unazijua toka zamani. Ukikosea, sikio lako linakuambia hapo hapo. Nusu ya kazi imeshafanyika.

Katika bloku yetu kuna baba mmoja aliyepita miaka 50. Alianza kupuliza jioni nyuma ya nyumba, na majirani walicheka kweli. Wiki ya kwanza ilitoka hewa tupu. Mwezi wa pili akaweza wimbo mmoja mfupi wa kuchungia ng'ombe. Mjukuu wake akauliza: "Babu, huo wimbo una maneno gani?" Mzee akamwimbia, na sasa mtoto anaujua. Kama babu angeona aibu, wimbo ule ungebaki kwake peke yake, na siku moja angeondoka nao.

Sauti inatoka wapi

Wengi wanafikiri lazima upulize kwa nguvu. Sivyo. Pumzi inatakiwa kugonga ukingo wa tundu, nusu iingie ndani na nusu ipite nje. Hapo hewa iliyo ndani ya bomba inatetemeka, ndiyo sauti yenyewe. Ukifunga matundu yote, hewa inayotetemeka ni ndefu na sauti ni nene. Ukifungua moja moja kuanzia chini, inakuwa fupi na sauti inapanda.

Namna ya kuanza

1. Anza na chupa tupu ya soda. Weka ukingo chini ya mdomo wa chini, kaza midomo kidogo, puliza juu ya tundu. Ikilia, umeshajua siri ya filimbi.

2. Chukua filimbi, usifunge tundu lolote la vidole. Tafuta sauti moja, ishike huku ukihesabu kimoyomoyo mpaka nane. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kugusa matundu.

3. Tumia kwanza vidole vitatu vya mkono ulio karibu na mdomo. Funga kwa nyama ya kidole, si kwa ncha. Tundu likivuja kidogo tu, filimbi inapiga kelele au inanyamaza.

4. Tafuta wimbo wako mfupi, kama wa kubembeleza mtoto. Nyimbo nyingi za namna hiyo zina sauti chache tu. Uimbe kwanza kwa mdomo, halafu uutafute kwa vidole.

Dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Ukisikia kizunguzungu, usiogope, umetoa pumzi nyingi mno. Kaa chini, pumua taratibu, kisha uendelee.

Mambo ya kuangalia

Kila mtu awe na filimbi yake, maana ni kama mswaki. Mkiwa na moja nyumbani, ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kubadilishana. Mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili aende zahanati kwanza, filimbi itamngoja.

Ukitaka kutengeneza, mwanzi ni mzuri, ila tusikate bila ruhusa tukaleta ugomvi na wenyeji. Mwanzi unatobolewa kwa chuma cha moto. Bomba la plastiki pia linafaa, lakini hilo toboa kwa ncha ya kisu au keekee, usilichome, maana moshi wake ni sumu. Vipimo vya matundu vichukue kwenye filimbi nyingine inayolia vizuri. Na jamani, bomba liwe kipande kilichotupwa. Tusije tukakata bomba la maji la kambi, halafu akina mama wakatutafuta na madumu yao!

Mwisho, tuheshimu majirani. Usiku watu wamelala, kuna wagonjwa na watoto wachanga. Puliza jioni baada ya kuchota maji, kabla ya chakula.

Wazazi wapendwa, kwenye mgao tunapata unga, maharage na mafuta. Nyimbo za nyumbani hazimo kwenye mgao. Hizo ziko kwenu, na watoto wetu wanazingoja. Anayetaka kucheka acheke, na wewe endelea kupuliza. Baada ya miezi miwili atakuja mwenyewe kukuomba umwonyeshe pa kuweka vidole.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.