Weupe wa Jicho Unatuambia Nini?



Mwaka jana nilimtembelea mama mmoja huku Cheptais, amejifungua siku mbili tu. Jikoni kulikuwa na moshi na koroboi. Mama mkwe akaniambia, "Mtoto hana shida, analala tu." Na kunyonya je? Kidogo sana. Nikaomba tumtoe mlangoni penye mwanga. Alipofungua macho, ule weupe ulikuwa manjano kabisa.

Hebu tuelezane. Weupe wa jicho ni ganda gumu linalozunguka karibu jicho lote. Kwa mtu mzima, upande wa nyuma unene wake hufika kama milimita 1. Mbele huungana na konea, kile kioo cha kupitisha mwanga. Juu yake kuna utando mwembamba wenye mishipa ya damu, na jicho likiwa jekundu, mara nyingi ni utando huo. Yale madoa ya kahawia ambayo wengi wetu tunayo tangu zamani ni rangi ya mwili tu, yasikusumbue.

Manjano ni neno lingine. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, na ini ndilo huiondoa. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, ndiyo maana wengi hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, halafu inaisha. Lakini ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto amelegea na hanyonyi, usingoje kesho. Bilirubini ikizidi huingia ubongoni, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au kulemaa. Ngozi nyeusi huficha hiyo rangi, jicho halifichi.

Wengine husema, "Mwanike juani." Wazo lenyewe si la kuchekwa: mwaka 1958 madaktari wa Rochford, Uingereza, waliandika jinsi mwanga unavyopunguza manjano, na leo hospitali hutumia taa za buluu. Lakini jua la mlangoni halina kipimo, na baridi ya mlima huu mnaijua.

Yule mtoto tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda siku ile ile. Alikaa chini ya taa siku tatu, akarudi ananyonya vizuri.

Kwa mtoto mkubwa, watu hukimbilia kusema ni homa ya manjano. Hiyo ni ugonjwa mwingine wa mbu. Kwetu magharibi, macho ya manjano pamoja na maumivu ya mifupa yanayorudi-rudi yanaweza kuwa selimundu. Omba apimwe damu.