Unite za Mama zilikwenda wapi? Somo la RAM kwetu sisi wenye lisanse



Leo sitaongelea mihogo wala mbolea. Nataka niwaelezee ugomvi mmoja uliotokea kwetu nyumbani, Bukavu, mwaka 2021, wakati nilikuwa namalizia kazi yangu ya mwisho ya lisanse. Mama alinunua unite za faranga 500, akaingiza kwenye kasimu kake ka vibonyezo, akaenda kuteka maji. Kurudi, anataka kumupigia dada yake wa Kavumu, anaona unite zimepunguka na hajapiga hata mara moja. Akaita mudogo wangu.

"Ule mutoto njo anakulaka unite zangu!"

Mudogo wangu akaapa kwa jina la Mungu. Hakuna aliyemwamini, hata mimi. Siku hiyo alilala bila kusemesha mtu. Baada ya siku mbili, jirani naye akaanza kulia vilevile, na yule kijana muuza unite wa pale kwenye barabara akacheka: "Mama, si mutoto. Ni RAM."

Mama alimuomba mudogo wangu radhi kwa namna ya mama zetu: alimuongezea kipande cha nyama, hakusema neno. Kiisha akanigeukia mimi: "Weye njo umesoma. RAM ni nini?"

Wandugu, nilikosa jibu. Miaka yote ile ya unive, minerval yote ile aliyolipa kwa kuuza maharagi, na mimi nikajibu: "Ni mambo ya Kinshasa." Bado naona haya. Andiko hili ni jibu nililopaswa kumupa siku ile.

RAM ilikuwa nini?

RAM ni kifupi cha Kifaransa, maana yake ni rejesta ya vyombo vya simu. Ilianzishwa na Serikali mwezi wa 9 mwaka 2020 na ikawekwa mikononi mwa ARPTC, ofisi ya Leta inayosimamia posta na mawasiliano. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa mazuri kabisa: kupigana na simu bandia, kusaidia watu walioibiwa simu, kulinda mutumiaji. Bei yake kwa mwaka ilikuwa dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G, na dola 1 kwa simu ya 2G, kama ile ya Mama. Hukuenda kulipa popote: pesa ilikatwa moja kwa moja ndani ya unite zako. Ndiyo sababu ilileta ugomvi nyumbani kwa watu. Ukilipa kwenye gishe, unapewa karatasi. Ukikatwa unite, unamushitaki mutoto.

Je, ile teknolojia ni uongo?

Hapana. Hapa wengi wetu tulikosea, tulitukana kitu chote bila kutenganisha. Chukua simu yako sasa, andika *#06#. Utaona namba ya tarakimu 15. Inaitwa IMEI. Hiyo si namba ya kadi, ni namba ya chombo chenyewe. Ukibadilisha kadi, IMEI inabaki. Kila mara simu inapojiunga na mutandao, mutandao unaweza kuiona. Sasa, kama nchi iko na rejesta moja ambamo kampuni zote za simu zinaangalia, simu iliyoibiwa inaweza kuwekwa kwenye orodha nyeusi, ikafungwa kwenye mitandao yote. Mwizi anabaki na tochi na kioo.

Majirani walitumia jambo hilo mbele yetu. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. Tanzania ilifanya hivyo mwezi wa 6 mwaka 2016, watu wakaombwa kwanza kuhakikisha IMEI zao. Lakini angalia tofauti: kule hawakumukata mwenye simu unite kila mwaka ili ahesabiwe. Simu ilikuwa nzuri ao mbaya, basi.

Kwa hiyo mutu akisema "nchi zingine pia zinafanya", umujibu: ndiyo, rejesta wanayo. Lakini rejesta ni kitu kimoja, na kumulipisha mwenye simu kila mwaka ni kitu kingine.

Kodi ao redevansi?

Hapa ndipo kuna kiini cha mabishano, na ndipo sisi wasomi tulilala. Katiba yetu ya 2006, katika artikulo ya 174, inasema kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sheria inapitia Bungeni. RAM haikuanzia huko, ilitoka kwenye maandiko ya Serikali ya mwaka 2020.

Wenye kuitetea walikuwa na jibu: hii si kodi, ni redevansi, ni malipo ya huduma. Jibu hilo si la kijinga. Tofauti ni ya kweli. Kodi unailipa kwa ajili ya nchi nzima, hata kama weye binafsi hupati kitu. Redevansi unailipa kwa sababu umepewa huduma fulani, weye. Ukilipa maji, maji yanatoka kwenye robine. Yakikosa kutoka, uko na haki ya kuuliza.

Basi tupime RAM kwa kipimo chao wenyewe. Ni huduma gani Mama alipewa kwa dola yake moja? Je, aliiomba? Je, angeweza kuikataa? Kitu ambacho kila mutu analipa, hawezi kukikataa, na haoni huduma yake, hata ukikiita redevansi mara mia, mukononi mwa mulipaji kinafanana na kodi. Na kama kinafanana na kodi, kilipaswa kupita Bungeni kwanza.

"Lakini ni dola moja tu!"

Hoja hii niliisikia sana, hata kwa marafiki wenye kazi nzuri mujini. Naijibu kama mutu wa kilimo.

Kwanza, ile pesa haikufuata mapato, ilifuata chombo. Mama wa Kabare mwenye simu mbili, moja kwa kila mutandao sababu mulima unazuia, analipa mara mbili. Tajiri mwenye simu moja analipa mara moja. Pili, kwa mukulima unite si mambo ya kupiga stori. Ni chombo cha kazi, kama jembe. Kabla ya kubeba kilo 40 za maharagi mugongoni hadi soko la Mudaka, anapigia mutu wa kule: bei ni ngapi leo? Akikosa unite, anabeba tu. Akifika na kukuta bei imeanguka, hawezi kurudi na muzigo, anauza kwa hasara. Dola moja inaweza kumula zaidi ya dola moja.

Tatu, na hii njo kubwa kwangu: mukulima haogopi kutoa. Kila musimu anachukua mbegu ambayo angeweza kupika, anaitupa udongoni, na watoto wako na njaa. Anatoa sababu shamba analiona, na anajua mwezi gani atavuna. Mutu wa namna hiyo usimwambie kwamba hapendi kuchangia nchi. Mwonyeshe shamba, basi.

Upande wa pili nao ulikosea

Kuna wale waliosema: "Leta ni mwizi, tusilipe kitu chochote." Wandugu, hapana. Artikulo ileile ya 174 tuliyoishika kama fimbo, inaendelea kusema kwamba kuchangia mizigo ya nchi ni wajibu wa kila mutu anayeishi humu. Huwezi kusoma mustari wa kwanza na kuruka wa pili. Barabara tunayoililia haitajengwa na matusi yetu. Mimi nakataa RAM sababu ilikosa sheria na huduma yake haikuonekana. Sikatai kulipa.

Iliisha vipi?

Kelele zilikuwa nyingi, mijini na vijijini. Mwezi wa 10 mwaka 2021 waziri mwenye kuhusika alisimama mbele ya Bunge la taifa kujibu maswali juu ya RAM, na wabunge wengi hawakuridhika. Miezi ikapita, watu wakaendelea kukatwa. Mwanzoni mwa mwezi wa 3 mwaka 2022, RAM ikaondolewa.

Tulifurahi, na kiisha tukalala tena. Hapo naogopa. Angalieni Uganda: mwezi wa 7 mwaka 2018 waliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu walipiga kelele. Mwaka 2021 ile kodi ikafa, lakini mahali pake pakawekwa kodi ya 12% juu ya bando za intaneti. Jina likaondoka, mukono ukabaki mufukoni. Kodi yenye jina utaiona na utaikataa. Ile iliyojificha ndani ya bei ya megabaiti haina jina, na hakuna mutoto wa kushitaki.

Sasa tufanye nini?

Mimi napendekeza mambo matatu, si magumu.

Moja: kila mara tunaposikia takse mpya, kabla ya kukasirika na kabla ya kusambaza sauti ya mutu tusiyemujua, tuulize maswali matatu. Ni andiko gani, la tarehe gani? Nani anapokea ile pesa? Mulipaji anapata nini? Kama aliyetuma hana jibu hata moja, tusisambaze.

Mbili: tusome Katiba. Ni kitabu kidogo. Artikulo ya 27 inatupa haki ya kuandikia wakubwa ombi, mutu peke yake ao kikundi, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Sisi chama kizima, kuna wanasheria, waekonomi, wainjinia, tumeandika ombi moja kweli? Mabishano yetu ya usiku yangeweza kujaza makaratasi mia.

Tatu: tueleze nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Si kwa Kifaransa cha kutetea kazi ya mwisho mbele ya waprofesa. Kama huwezi kumueleza mama yako kitu akiwa anachambua sombe, labda weye pia hujakielewa.

Juzi nilimueleza Mama mambo haya yote, IMEI, Katiba, redevansi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akaniuliza: "Na ile pesa waliyotukata, walirudisha?"

Mama, swali lako ni zuri kuliko lisanse yangu. Nani kati yetu, wandugu, atalishika kalamu mukononi na kuliuliza kwa maandishi? Mimi niko tayari kuweka jina la kwanza.